Saplimenti za presha ukiwa na mimba: ipi ya kweli na ipi inakula pesa zako

Swali, nimelifupisha kidogo: "Asalaam alaykum. Mie niko Wete, nna miaka 31, mimba yangu ya pili ina wiki 17. Ya kwanza presha ilipanda nikazalishwa wiki ya 33, mtoto yuhai alhamdulillahi. Juzi kliniki nimepimwa 148 kwa 92, nikapumzishwa nikapimwa tena 146 kwa 94, mkojo safi. Wamenipa Aldomet 250 mara tatu kwa siku na vidonge vya damu. Sasa wifi yangu kaja na boti kutoka mjini kaniletea makopo ya omega-3, kapsuli za thomu, magnisiamu, vitamini C na E, na chupa ya mafuta ya habasoda, yote elfu 150. Aliyemuuzia kasema dawa za spitali ni kemikali zinamdhuru mtoto na hizi zinashusha presha ndani ya wiki mbili. Jee niache Aldomet nishike hizi? Na kama hizi sizo, ipo saplimenti yoyote ya kweli kwa presha ya mimba?"

Waalaykum salaam dada. Nianze na la haraka, mengine yafate: Aldomet, hiyo dawa yako ya presha, usiiache. Hata siku moja, hata kama wifi atanuna, hata kama makopo yote ushayalipia. Kwenye huo mzigo hakuna kitu kinachoweza kukaa badala ya dawa ya presha kwa mja mzito, na vipo ambavyo ntakwambia uviweke kando kabisa. Swali lako la pili ndo zuri zaidi, jawabu yake ni ndio, kipo kitu, tena rahisi, na hicho ndo hakimo kwenye mzigo.

Lakini kwanza tuitizame hiyo presha yenyewe. Kwa mja mzito tunasema iko juu ikifika 140 ile ya juu au 90 ile ya chini, tena ipimwe zaidi ya mara moja, sio umekimbia mvua umepanda ngazi ukapimwa hapo hapo unahema. Ikifika 160 au 110 hiyo si ya kurudi nyumbani kushauriana na mtu, hiyo ni spitali siku hiyo hiyo. Wewe hujafika huko. Ila kuna kitu kwenye maelezo yako sijui kama walokupima wamekufahamisha: presha inayoletwa na mimba yenyewe kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 20, na wewe uko 17. Kwa hiyo inawezekana sana hii presha ulikuwa nayo kabla hujashika mimba, pengine haikuondoka tangu ile ya kwanza na huko katikati hakuna aliyekupima, kwa sababu sisi huku mtu mzima hapimi presha mpaka aumwe. Hilo linabadilisha mambo. Mtu mwenye presha ya zamani na ambaye mimba iliyopita ilimpandisha mpaka akazalishwa kabla ya wakati ni mtu tunayemchunga zaidi kuliko wengine, kwa sababu hatari yake kubwa si hizo namba 146, hatari yake ni priklampsia, yani ile presha inayokuja na protini kwenye mkojo au inayoanza kugusa figo, ini, damu na ubongo, ambayo ikiachwa ndo inafika kwenye kifafa cha mimba.

Na priklampsia mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma, tena mapema kabisa mimba bado changa. Mishipa ya damu inayopeleka chakula kwenye kondo inatakiwa itanuke iwe mipana, kwa baadhi ya wanawake haitanuki vizuri, kondo linakosa damu ya kutosha, baadae linamwaga vitu kwenye damu ya mama vinavyojeruhi mishipa mwili mzima. Ukishalifahamu hili utaona kwa nini mtu anayekwambia "kapsuli mbili asubuhi mbili jioni presha kwisha" hajui anachokizungumza. Yeye anafikiria presha ya baba yake mwenye miaka 60. Ya mimba ni kitu chengine.

Sasa hicho kitu cha kweli. Ni kalsiamu. Basi, kalsiamu tu hii ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mja mzito anaeishi sehemu ambazo watu wanakula kalsiamu kidogo apewe gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku, ili kupunguza uwezekano wa kupata priklampsia. Na sisi tumo, mana tizama tunachokula: asubuhi chai ya rangi na boflo au muhogo, mchana wali na mchuzi, usiku kilichobaki. Maziwa mtu anaonja yalotiwa kwenye chai. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mtu akikosa kalsiamu, mwili unapandisha homoni zinazoisukuma kalsiamu iliyopo iingie ndani ya misuli ya mishipa ya damu, na misuli ikishiba kalsiamu inajikaza, mshipa unakuwa mwembamba, presha juu. Ukila ya kutosha zile homoni zinatulia.

Watu wengi walikuwa wanalalamika kuwa gramu 1.5 ni vidonge vingi, vikubwa kama chaki, mja mzito wa watu anatapika hata maji halafu unampa vitatu vya hivyo kila siku. Basi ukafanywa utafiti mkubwa, matokeo yakatoka mwanzo wa 2024, wanawake 11,000 hapo Dar es Salaam na 11,000 wengine Bangalore India, wote mimba ya kwanza, nusu wakapewa miligramu 500 na nusu 1,500. Kwenye kukinga priklampsia ile dozi ndogo haikuwa nyuma ya ile kubwa. Kwa hiyo mtu ambaye anashindwa kabisa na vitatu, kimoja anachokimeza kila siku ni bora kuliko vitatu vinavyokaa kabatini. Wewe ni mimba ya pili na una historia, kwa hiyo kiwango chako mwachie daktari akuamulie, usijipunguzie mwenyewe kwa sababu umesoma hapa.

Ukenda kununua soma lebo vizuri maana hapa ndo watu wanapigwa. Kidonge kikiandikwa kalsiamu kaboneti miligramu 1,250, ndani yake kalsiamu yenyewe ni 500, mana kaboneti asilimia 40 tu ndo kalsiamu. Kuna vyengine vimeandikwa 500 kwa maandishi makubwa kumbe hiyo 500 ni ya kaboneti nzima, kalsiamu halisi 200. Muulize mfamasia "kalsiamu halisi humu ni ngapi?", akibabaika nenda duka jengine. Kaboneti imeze na chakula, inahitaji asidi ya tumbo kuyeyuka, na usimeze zaidi ya 500 kwa mpigo mmoja, mwili hauwezi kuibeba yote, inayobaki unaitoa chooni. Na kama ushawahi kuwa na mawe ya figo waambie kabla hujaanza. Ah na multivitamini za mja mzito zile za kwenye chupa nzuri, usidhani zinatosha, nyingi kalsiamu yake ni kidogo sana na nyengine hazina kabisa.

Lakini elewa kazi yake. Kalsiamu ni ya kinga, inafanya kazi kwa miezi. Haitoshusha hiyo 146 yako wiki ijayo, ya kushusha ni Aldomet. Na hata kwenye kinga inapunguza tu uwezekano, mtu anaweza kumeza kila siku na bado akapata. Nnalisema hili mapema ili usije ukapata tatizo wiki ya 35 ukasema nimekudanganya.

Cha pili si saplimenti, ni dawa, lakini hakuna mtu anayezungumza kinga ya priklampsia akakiruka. Aspirini ndogo, ile ya miligramu 75. Kwa mwanamke mwenye hatari kubwa, na wewe umo kwa sababu mbili, inapendekezwa ianzwe kutoka wiki ya 12 na ikiwezekana kabla ya 20, wakati kondo bado linajijenga. Wewe una 17. Yani wiki hizi tatu ndo zako. Kama kwenye kadi yako haijaandikwa, usisubiri tarehe ya kliniki inayofuata, rudi kesho kutwa ukawaulize, "mimba iliyopita nilizalishwa kwa presha, jee mie nastahiki aspirini?" Usijianzishie tu dukani, mana mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayochochewa na aspirini au anaetokwa damu lazima aangaliwe. Na si ile aspirini kubwa ya maumivu ya kichwa, hiyo kwako hapana.

Turudi kwenye makopo ya wifi, nnajua ndo unayoyasubiri.

Vitamini C na E ndo mfano mzuri wa kitu kilichoonekana kizuri kwenye karatasi. Wataalamu wenyewe waliamini vitasaidia, wakafanya tafiti kubwa, ya Uingereza ya 2006 wanawake waliokuwa na hatari kama yako walipewa vitamini C miligramu 1,000 na E yuniti 400 kila siku, priklampsia haikupungua, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo wakawa wengi zaidi upande wa waliomeza. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likasema wazi visitumike kwa lengo hili. Kwa hiyo hilo kopo funga. Chungwa kula, embe kula, hiyo ni hadithi nyengine.

Magnisiamu. Huyu muuzaji pengine kasikia kuwa spitali wanatumia magnisiamu kwa kifafa cha mimba, na ni kweli, ile ni sindano ya magnisiamu salfeti, utafiti wa 2002 wa wanawake zaidi ya 10,000 ulionesha inapunguza kifafa kwa nusu, na ndo ilookoa wengi hata huku kwetu. Lakini ile ni sindano, dozi kubwa, unachungwa pumzi, mkojo, na magoti kama yanashtuka yakigongwa. Kidonge cha kopo hakifanyi kazi hiyo hata kidogo, na hakijaonekana kukinga priklampsia. Hakitokudhuru sana, pengine kitakuharisha tu, lakini kutoa pesa kwa hicho ni hasara.

Omega-3 sitoitukana. Ipo ithibati kuwa mafuta ya samaki yanapunguza kidogo kuzaa kabla ya wakati. Kwa presha na priklampsia hayajaonesha kitu cha maana. Wewe uko Pemba, samaki unawanunua wazima asubuhi, kwa nini uwale kwenye kapsuli? Ila tizama lebo kitu kimoja: kama imeandikwa mafuta ya ini la samaki, hayo usiyatumie, yana vitamini A nyingi, na vitamini A ikizidi kwa mja mzito ina madhara kwa mtoto.

Thomu. Thomu kwenye mchuzi halali yako, tia unavyotaka. Kapsuli zake ni kitu kilichokusanywa kwa nguvu, kwa wasio na mimba zinashusha presha kidogo tu, kwa waja wazito utafiti uliopo ni mdogo na haukuonesha kuzuia priklampsia, na zaidi ya hapo zinafanya damu iwe nyepesi. Ukipewa aspirini halafu unameza na hizi unajiongezea uwezekano wa kutokwa damu, na daktari wa kukufanyia opereshini hajui chochote kuhusu thomu yako. Hilo la kuweka kando.

Habasoda najua ntagusa pahala. Sina ugomvi na habasoda, sote tumelelewa nayo na hadithi yake tunaijua. Ukiinyunyiza kwenye mkate endelea. Nnachozungumza ni mafuta yake, kijiko kizima asubuhi na jioni, miezi. Kwa mja mzito tafiti za kusema ni salama kwa kiwango hicho hazipo, na dawa za asili za zamani zenyewe ziliitumia kuamsha damu ya mwezi, kwa hiyo kuna wasiwasi wa kuchezesha nyumba ya mtoto. Weka chupa, utakuja kuitumia ushazaa. Uwatu nao vivyo hivyo, mwache mpaka ukiwa mzazi unataka maziwa, si sasa.

Na wakati tupo hapo hapo nimalizie vyengine ambavyo hujavitaja lakini nnajua vitakuja, mana mtu akisikia mja mzito ana presha kila jirani ana dawa. Rozela, ile juisi nyekundu, ni kweli kwa mtu asiye na mimba inashusha presha kidogo, lakini ukiwa na mimba usiifanye dawa ya kunywa mabirika, usalama wake haujulikani. Mlonge majani yake mboga, pika, ila mizizi na magome usiyaguse. Unga wa mwani siku hizi unauzwa kama dawa ya kila kitu, una iodini nyingi na chumvi, ukizidisha unaichokoza tezi ya shingo, yako na ya mtoto. Urukususi, ile mizizi mitamu ya kutafuna, hiyo ni mbaya hasa kwa sababu yenyewe inapandisha presha, inazuia chumvi mwilini na kutoa potasiamu, watu wanatafuna kwa kifua huku wanashangaa kwa nini presha haishuki. Ndimu haishushi presha, inakuchoma kiungulia tu. Madafu kunywa kwa raha yako, si dawa. Na udongo, dada, kama unakula udongo usiseme "napata kalsiamu", hupati, unapata minyoo na pengine madini ya risasi, na unazuia madini ya chuma usipate damu.

Na kimoja ambacho kinanitisha kuliko makopo yote: dawa za presha za mama mkwe. Kaptopri, enalapri, lisinopri, losatani. Mtu anaishiwa Aldomet, boti haijaja, dukani hamna, anachukua kidonge kwa mama yake "si zote za presha". Hapana. Hizo zinaharibu figo za mtoto tumboni na zinaweza kumuua. Ukiishiwa nenda kituoni wakupe nifedipini au labetalo au waazime pahala, lakini kabati la mama usilifungue. Na ukipewa nifedipini balungi liache, linaifanya dawa iwe kali kuliko ilivyokusudiwa.

Hili la "kemikali zinamdhuru mtoto" sasa. Aldomet inatumiwa kwa waja wazito tangu miaka ya 1960. Kule Uingereza watoto ambao mama zao waliimeza mimbani walifatiliwa mpaka wakafika miaka 7 na nusu, ripoti ya mwisho ikatoka 1982, na hawakuonekana na tatizo. Nitajie kopo moja katika yale ya wifi ambalo limefatilia watoto hata mwaka mmoja. Na kuna utafiti mwengine wa Marekani wa 2022, wanawake zaidi ya 2,400 wenye presha ya zamani kama yako, isiyo kali, upande mmoja walipewa dawa kuishusha chini ya 140 kwa 90, upande wa pili wakaachwa mpaka ipande sana. Upande wa waliopewa dawa, priklampsia kali na kuzaa mapema vilipungua, na watoto wao hawakuwa wadogo kuliko wengine. Yani walopewa dawa ndo waliokuwa na matatizo machache. Kwa hiyo anayekwambia dawa ndo hatari kageuza mambo juu chini.

Sasa kitu ambacho nnakiona kila mara na hakiandikwi kwenye kadi. Aldomet na vidonge vya damu havipatani. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo yanaikamata Aldomet tumboni, inayoingia kwenye damu inapungua sana, presha inapanda, mtu anaongezewa dozi, bado haishuki, kumbe anavimeza vyote pamoja asubuhi na chai ili amalize. Na chuma na kalsiamu nazo zinagombana, na chai inakizuia chuma. Kwa hiyo ukiwa navyo vyote inabidi uvipange. Mie ningekupangia hivi, ukishakubaliana na walokuandikia: Aldomet saa 12 asubuhi ukiamka kusali, kalsiamu na chakula cha asubuhi saa 2, Aldomet ya pili saa 8 mchana, kidonge cha damu saa 11 jioni kwa maji au juisi ya chungwa na si chai, kalsiamu nyengine na chakula cha usiku saa 1, Aldomet ya mwisho na aspirini, kama umepewa, saa 4 unapolala. Kama kalsiamu yako ni mara tatu ile ya katikati tia kwenye chakula cha mchana saa 7. Inaonekana kazi lakini baada ya wiki inazoeleka, weka alamu kwenye simu. Aldomet itakupa usingizi na uchovu siku za mwanzo, hiyo kawaida, usikurupuke ukiinuka kitandani, lakini ukiona macho ya manjano au mkojo kama chai rudi haraka.

Chakula hakishindi vidonge kwa kalsiamu lakini kinasaidia. Maziwa na mtindi ndo vya kwanza, gilasi moja ya maziwa inakupa kama 300. Dagaa waliwe wazima na miba yao, kalsiamu imo kwenye miba, sio unachambua unatupa. Ila dagaa wa kwetu wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke, waoshe maji mawili matatu, halafu usitie chumvi nyengine kwenye chungu. Papa mkavu na ng'onda hivyo hivyo, na kama presha iko juu viwe vya hamu tu si vya kila siku. Achari! Nnajua mja mzito na achari, embe mbichi na chumvi na pilipili, jitahidi uipunguze. Sikwambii ule chakula chapwa, kukata chumvi kabisa hakuzuii priklampsia na utashindwa kula, nnasema isizidi. Mkate wa ufuta mtamu na ufuta una kalsiamu kweli, lakini uliopo juu ya mkate ni wa harufu tu, usijidanganye. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye vitabu ila mwili unaipata kidogo, ule kwa ajili ya mengine.

Zile elfu 150, kama muuzaji atakubali kurudisha makopo ambayo hayajafunguliwa, mwambie wifi arejeshe kwa upole, yeye kakusudia kheri. Pesa hiyo nunua mashine ya presha, ya kufunga mkono juu ya kiwiko na si ya kifundo cha mkono, kipimo chake kiendane na unene wa mkono wako mana ikibana sana inasoma juu. Pima asubuhi na jioni, umekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini haikupandana, mkono juu ya meza sawa na moyo, pima mara mbili, andika kwenye daftari, nenda nalo kliniki. Hilo daftari litamsaidia daktari wako kuliko kopo lolote. Na kabla ya kununua kitu chochote cha kumeza tizama kama kimesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, hivi vya kuuzwa kwenye stetasi za WhatsApp vyengine havijulikani hata vimetengenezwa wapi, na kumekuwa na vitu duniani vinaitwa vya asili kumbe ndani vimetiwa dawa za kweli bila kuandikwa.

Dalili ambazo hutakiwi kulala nazo: kichwa kinachouma hakiachi hata ukimeza panadoli, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla (miguu kuvimba peke yake ni kawaida), mkojo kuwa kidogo, pumzi kubana, mtoto kupunguza kucheza. Hata mashine ikisoma sawa, ondoka. Spitali ya Wete unayo karibu, watakaposema uende Chake au Abdulla Mzee Mkoani usianze kusubiri mume arudi bahari. Waambie watu wa nyumbani mapema, leo mkiwa wazima, kwamba ukianguka ukatupa mikono na miguu ule ni ugonjwa wa mimba na gari itafutwe hapo hapo. Bado kuna nyumba mtu akishikwa na kifafa cha mimba wanaanza kutafuta mganga na ubani, saa mbili zinakwenda. Kama ni kusomewa dua asomewe ndani ya gari, dua haimzuii mtu kufika spitali.

Na ukishazaa haijesha. Presha inaweza kupanda zaidi siku za mwanzo baada ya kuzaa, na priklampsia inaweza kuja hata ndani ya wiki 6, wakati wewe uko ndani unakandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga na kila mtu kashughulika na mtoto. Endelea kupima na hiyo mashine, dawa usiziache mpaka wakwambie, na Aldomet yenyewe ukishazaa mara nyingi hubadilishwa kwa sababu inaweza kumletea mzazi huzuni, zipo nyengine zinazokwenda na kunyonyesha kama nifedipini, na hata enalapri ambayo mimbani tumeikataa, baada ya kuzaa inaruhusiwa. Waulize watakupa ipi kabla hujatoka wodini.